Chura wa Maduhu

Baba yangu aliiacha ngoma yake ikilia, akavuka uwanja na miiba ya nungunungu kichwani, kwenda kumtafuta chura. Mimi nilisimama kando ya mama nikimfuata kwa macho, maana ndoa yangu ilikuwa mikononi mwa chura huyo.

Ilikuwa Shinyanga, mwaka 1936, baada ya mavuno. Baba, mzee Nkwabi, alikuwa mkuu wa chama cha ngoma cha wawindaji wa nungunungu, watu wa kuingia shimoni kwa tumbo na kutoka wakicheka. Maduhu alipokuja kunichumbia, baba alimwuliza chama chake cha ngoma kinacheza na mnyama gani. Maduhu akasema chura wa mtini. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba nungunungu akitikisa miiba, hata fisi hushika adabu. Lakini chura huyo, alisema, hutaga mayai ndani ya povu juu ya matawi, kama mtu aliyekuwa akifua akaitwa. Mwishowe akatoa sharti.

“Tukutane uwanjani. Nikishindwa, mchukue. Nikishinda, usikanyage tena ua wangu.”

Kwetu vyama viwili hupiga ngoma wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Baba akamfunga nungunungu wake mnene katikati ya uwanja. Watu walimwona vizuri kutoka walipokuwa, wakaridhika, wakabaki hukohuko. Maduhu akachomeka tawi kavu la mgunga ardhini, akatangaza kwamba chura yuko juu yake. Kwa jua lile chura alikwisha kugeuka rangi ya gome. Mtu wa kwanza akasogea, hakuona kitu, akakataa kuondoka. Wa pili akamsukuma. Wazee wakaomba njia, akina mama wakapita bila kuomba. Punde uwanja mzima ulikizunguka kile kijiti, na nungunungu akabaki na wapiga ngoma wake, akichimba.

Ndipo baba alipovuka. Akamwambia Maduhu kwamba pale hapana chura.

“Yupo, baba,” Maduhu alijibu kwa heshima. “Ila sogea.”

Baba akaweka mikono nyuma, akainama. Waamuzi walipotangaza mshindi, alikuwa bado ameinama.

Mwaka uliofuata nilijifungua. Baba alikuja kumtazama mjukuu wake, akaweka mikono nyuma, akainama vilevile, asiinuke. Nikaogopa, nikamwuliza kama kuna kasoro yoyote.

“Hapana,” akasema. “Huyu namwona.”