Mkono wa Kuazima

Kuna watu watakuambia gia ni gia tu. Waache waseme, hawakumjua fundi huyu. Magari ya michezo ya mji mzima yaliletwa kwake. Alikuwa anaketi, anakanyaga klachi, anapitisha gia zote huku amefumba macho, kisha anakuambia giaboksi inaumwa wapi. Gari dogo jekundu lina liva fupi na gia zake huingia upesi, zenyewe zinakusaidia. Jeusi ni jeuri. Likiwa baridi, gia ya pili hugoma hata gari likiwa jipya, mpaka uisukume kwa nguvu.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Miguu ilipona, ulimi ukapona, ila mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Unashika lakini hausikii, na gia hubadilishwa kwa mkono huohuo.

"Nijaribie haya mawili, jekundu na jeusi," bosi wake alimwambia, naye hakuwa mtu mbaya. "Ukishindwa, itabidi nitafute fundi mwingine."

Fundi akaenda nyumbani kumchukua mkewe, mtu ambaye hata baiskeli hajawahi kuendesha. Akamketisha kiti cha abiria kwenye lile jekundu, kiganja cha mkewe juu ya liva, na mkono wake mwenyewe juu ya kiganja hicho.

"Mimi nakanyaga, wewe niambie unachosikia."

"Makubwa haya, baba watoto. Uzee huu nianze ufundi?"

Lakini alisikiliza. "Imeingia vizuri," akasema. "Kama kufunga droo mpya."

Ilikuwa hivyo hasa. Moyo wa fundi ulijaa furaha. Alijiona kesho yuko kazini, mkewe pembeni, na wanaotaka kucheka wacheke.

Wakahamia kwenye lile jeusi, ambalo lilikuwa limelala nje usiku kucha na bado ni baridi. Akawasha, akakanyaga klachi, mikono yao ikaenda pamoja kwenye gia ya pili. Mkewe akamtazama usoni, akaona jinsi anavyosubiri.

"Laini," akasema. "Laini kabisa, kushinda hata lile."

Fundi aliinamisha macho. Vidole vya mkewe vilikuwa bado vimekaza kwa kusukuma, na mishipa imemtoka mkononi.

"Nimekosea?"

"Hujakosea, mama watoto. Umenisaidia sana."

Akazima gari, akamwomba amngoje hapo kidogo, akaenda ofisini kumwambia bosi atafute fundi mwingine.