Kabla Moyo wa Msalaba Haujainuliwa

...kichwa cha msalaba kimeshainuliwa, kimewekwa kwenye sahani ya maua, sasa wanakwenda mkono wa kuume, na mimi bado sina jibu, nimepiga magoti hapa sakafuni, mahali palepale ulipolazwa mwili wa mke wangu Delfina, na msalaba wa chokaa na mchanga wa rangi tuliomtandikia, tunaouinua leo kipande kwa kipande tuupeleke kaburini, umebaki bila kichwa, kama mtu anayeondoka polepole ili asiamshe watoto, Bi Crisanta anaongoza sala kwa ile sauti yake kavu kama mahindi yakisagwa, Salamu Maria, umejaa neema, nasi tunaitikia, Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, midomo yangu inaitikia, ndiyo, midomo inajua njia yenyewe, lakini kichwa kiko kwingine, Bikira unisamehe, kichwa kiko kule kwenye uwanja wa matofali, jana asubuhi, binti yetu Nereida akiwa amesimama mbele yangu na mikono mifukoni, akisema Baba, nina neno, nami nikajua neno lenyewe si jepesi, maana mtoto huyu akiwa na neno jepesi hulisema huku anatembea... utuombee sisi wakosefu... Baba, nataka kuacha udaktari, akasema, nataka kuhamia uhandisi, wa mitambo, wamenikubali, nafasi wameniwekea, lakini nisipofika Jumatatu atapewa mwingine, nami nilikuwa na tofali bichi mkononi, sikujua niliweke wapi, nikalishika tu mpaka vidole vyangu vikaingia ndani yake, tofali limeharibika, nikasema subiri msalaba wa mama yako uinuliwe, ndipo nitakujibu, kana kwamba kuinuliwa msalaba ni jambo la mwaka ujao, na kumbe ni leo, ni sasa, mkono wa kuume huo unaondoka, kompadre Rutilio, baba wa ubatizo wa Nereida, anaukusanya kwa kipande cha kadi na kwa maua, anavuta pumzi kila akiinama, ameshazeeka Rutilio, sote tumezeeka kwa juma hili moja, raha ya milele umpe, ee Bwana... na mwanga wa milele umwangazie... Rutilio ananisogelea baada ya kuweka sahani, ananong'ona, kompadre, goti langu linalia kama mlango wa kanisa, yule daktari wetu akimaliza kusali naomba anitazame, na shemeji yangu Obdulia, dada yake Delfina, amesikia, haachi kitu kipite huyu mwanamke, anamwambia, wewe Rutilio kila msiba una ugonjwa wako, msiba wa mama mkwe wako ulikuwa na mgongo, huu una goti, piga magoti hapo ushukuru bado unalo, na wanawake wa nyuma wanacheka kwa pua, hata mimi nilitaka kucheka, Delfina angecheka, angeweka shela mdomoni na mabega yangetikisika... daktari wetu. Ndivyo wanavyomwita Nereida tangu siku alipopata koti jeupe, na koti lenyewe alilinunua Rutilio, yeye ndiye baba wa koti, tulimwomba kwa mkate na chokoleti kama tulivyomwomba siku ya ubatizo, naye alilia mbele ya watu wote alipomvisha, mtu mzima na sharubu zake akilia, na sasa nimwambieje, kompadre, lile koti litundike? Lipo nyuma ya mlango, naliona kutoka hapa, Nereida alilifua tangu alipofika, limenyooka, limekauka, halina mtu ndani... Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote... mtaa mzima humjia, mwenye jicho, mwenye sukari, mama mmoja alimleta hata mbwa, Nereida akasema mama, mimi si wa mbwa, yule mama akamjibu, anza na huyu, ukishajua ugonjwa wa mbwa, wetu ni rahisi, na Nereida akamtazama mbwa. Hakukataa. Ndiyo tabu yake hiyo, hakatai, hata jana hakusema nitakwenda utake usitake, laiti angesema hivyo, ningegomba, ningepandisha sauti, ningejua pa kusimama, lakini alisema, Baba, ukiniambia nibaki nitabaki, wala hutanisikia nikilalamika, na hilo ndilo linalonichosha, Mungu wangu, linanichosha kuliko mauti yenyewe, maana mauti hayakuniuliza kitu, yalikuja yakachukua, lakini huyu ameniwekea maisha yake mkononi kama lile tofali bichi, nikiminya sana yataharibika, nikilegeza yataanguka...

...mkono wa kushoto sasa. Anayeuinua ni Obdulia, na kabla ya kuinama amenitazama, najua macho hayo, jana jioni jikoni alikuwa anageuza mchuzi wa pilipili kwenye sufuria kubwa, mwiko mrefu kama kasia, akaniambia bila kunitazama, nimesikia mtoto anaongea kwa simu, anasema habari za kuhama, shemeji, nadhiri ni nadhiri, dada yangu alimwahidi Bikira wa Juquila daktari, mtoto alikuwa anaungua homa, akapona, Bikira alitimiza upande wake, sasa nyinyi mnataka kumrudishia Bikira maneno? nikasema Obdulia, mchuzi unashika chini, akasema mchuzi naujua mimi, wewe jua nadhiri yako... utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu... na usingizi haukuja, nililala nikitazama dari, maana nami namwogopa Mungu, sikusoma sana lakini kuogopa Mungu nilifundishwa, kitu ukishampa mbinguni hukichukui tena, hata mtoto wa mtaani anajua, mtu akimpa mwenzake peremende kisha akaitaka tena wenzake humzomea, sembuse Bikira... lakini Nereida aliniambia na jambo lingine pale uwanjani, nililificha chini ya mengine yote, sasa linatoka lenyewe, alisema, Baba, siogopi damu, watu watasema niliogopa damu, si kweli, wala alama zangu si mbaya, lakini nikiingia wodini macho yangu huenda kwenye mashine, mashine ya kupumua, taa, magurudumu ya kitanda, nasikiliza gurudumu moja linalokwaruza na nawaza litatengenezwaje, na mgonjwa ananiambia anaumwa wapi, nami sijamsikia, na Mama... hapo akakata, akatazama tanuri, halafu akamalizia, siku zile Mama alipolazwa, ile pampu ya dawa ilikuwa inalia kila mara, manesi wanakuja, wanabonyeza, wanaondoka, inalia tena, mimi nikakaa naitazama mpaka nikajua mrija unabanwa wapi, nikauweka sawa, ikanyamaza, Mama akalala usiku kucha, na nilipogeuka kumtazama nikakumbuka kwamba jioni yote sikuwa nimemtazama usoni, Baba, alikuwa ananitazama yeye, mimi natazama pampu, daktari gani huyo? Lakini mimi nilikuwapo asubuhi ile, Delfina alikuwa amefungua macho, uso umetulia, akaniambia, Casimiro, nimelala, huyu mtoto amenyamazisha lile dude... alisema hivyo, lile dude, na akatabasamu na meno yake yaliyobaki, na sikumwambia Nereida, kwa nini sikumwambia, nilikuwa na tofali mkononi, nilikuwa nimechoka, mtu akichoka maneno mazuri ndiyo hutoka mwisho, kama maji ya chini ya mtungi... raha ya milele umpe, ee Bwana... na mwanga...

Mkono wa kushoto umeondoka. Umebaki mti wa katikati, wenye moyo na mguu, wanaanza mguu, Bi Crisanta anasema kusanyeni vizuri, wanangu, msiache chembe, chokaa ikibaki sakafuni marehemu anarudi kuitafuta, hapati kupumzika, anakuja kila jioni anapapasa, kusanyeni, nao wanakusanya, mshumaa wa upande wa Nereida umeinama kwa sababu meza ya picha ina mguu mmoja mfupi, tangu tuoane meza hiyo ina mguu mfupi, nta inadondoka karibu na picha ya Delfina, na Obdulia ananyoosha mkono kuushika mshumaa, kila mara anaunyoosha, kila mara unainama... Juquila. Ilikuwa hivyohivyo Juquila. Mbona nimesahau, tulikwenda kwa miguu, Nereida nimembeba mgongoni, ameshapona lakini mwepesi kama kikapu kitupu, na pale kilimani kabla hujafika kanisani watu wote wameketi chini wanafinyanga udongo, kila mtu anafinyanga anachokiomba, huyu nyumba, huyu ng'ombe, huyu lori, msichana mmoja alifinyanga bwana harusi mwenye kofia, mama yake akamwambia mpunguzie tumbo, hujaolewa bado, na Delfina akafinyanga daktari, ndiyo, daktari, na koti akalipaka chokaa tuliyobeba, lakini miguu aliitengeneza myembamba, nikamwambia huu udongo una mchanga mwingi, hautabeba, mimi udongo naujua, akasema nyamaza Casimiro, hapa si tanurini, akamsimamisha, akaanguka, akamsimamisha, akaanguka, mara ya tatu nikamwona macho yamejaa maji, maana wanasema kifinyango kikianguka ombi limekataliwa, watu wa pembeni wakaanza kutazama kando kwa heshima, na Nereida... Nereida alikuwa ameketi miguu imenyooka, udongo hadi viwikoni, hakuna aliyekuwa anamwangalia, alikuwa amefinyanga kitu kama sanduku, ametoboa mashimo, amepitisha vijiti, na kwenye vijiti magurudumu manne, mazito, hayakulingana, akamchukua daktari wa mama yake, akamkalisha ndani, akasukuma, na magurudumu yakazunguka, Bikira mtakatifu, yakazunguka kweli juu ya jiwe, akasema, Mama, huyu hajui kusimama, lakini sasa anafika. Delfina alicheka. Alicheka mpaka shela ikaanguka, mpaka mama wa yule msichana wa bwana harusi naye akacheka, machozi yalikuwa yaleyale ila yamegeuka, akakibeba kile kigari kwa mikono miwili, daktari ndani yake, akakiweka miguuni pa msalaba wa pale kilimani, kati ya vijumba na ving'ombe vya watu, akapiga magoti, akamsogeza Nereida mbele, na akasema... nilisikia, nilikuwa nyuma yake, alisema Bikira Mama, ndicho hiki, tumekifanya wawili, kipokee kama kilivyo.

Kama kilivyo... Kisha tukarudi nyumbani, watu wakauliza mmeomba nini, Delfina akasema daktari, ilikuwa rahisi kusema, ilikuwa tamu mdomoni, nami nikasema daktari, Obdulia akasema daktari, Rutilio akanunua koti, na mwaka hata mwaka tukasimulia nusu, kigari tukakiacha kilimani, mvua ikakinyeshea, sisi wote wazima, wenye akili zetu, tukamkumbuka yule asiyeweza kusimama na kumsahau aliyemfikisha... Salamu Maria, umejaa neema... nimeitikia mahali si pake, Obdulia amenigeukia, niitikie tena, Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Na kama nikimwambia Nereida baki, atabaki, atavaa lile koti lililonyooka, atakwenda wodini akasikilize magurudumu kwa siri kama mtu anayeiba, na Delfina atakuja kila jioni kupapasa sakafu hii, maana chembe yake tumeikalia sisi, si chokaa, ni ile nusu tuliyoibakiza... wala sijui kama nafikiri sawasawa, Bwana, mimi ni mtu wa matofali, labda ni uchovu tu, labda Jumapili Rutilio atakaa bila kunisalimia, labda kule kwenyewe ni kugumu na mtoto atalia, na hakuna mama wa kumpigia simu, hilo nalo nimelifikiria, atanipigia mimi, nami sijui maneno, nitamuuliza umekula...

Mguu umeinuliwa. Sasa pamebaki moyo tu, mduara wa mchanga mwekundu katikati ya sakafu, mdogo, ungeweza kuufunika kwa kofia, na Bi Crisanta amepoteza mahali alipokuwa katika kitabu chake, anafungua kurasa, anasema tulikuwa kwenye moyo au tumeshapita, na Rutilio anasema Bi Crisanta, kama tumeshapita niambie ninyanyuke, goti limekufa, na Obdulia, likifa tutalitandikia msalaba wake, nyamaza, na mshumaa umeinama tena, na Obdulia ananyoosha mkono tena, lakini Nereida amemtangulia, hakugusa mshumaa, ameinama chini ya meza, naona nywele zake tu, ana kipande cha kigae, anakipima kwa kidole, anakitoa, anakigeuza upande mwembamba, anakiingiza chini ya ule mguu mfupi, na meza imekaa, miaka yote hiyo, imekaa, mshumaa umesimama wenyewe na Delfina kwenye picha amenyooka, na mtoto amerudi kwenye magoti yake, anafuta vumbi viganjani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba naona uso wake haujachoka, ni kitambo kidogo tu, kisha ameona namtazama, uso ukarudi kuwa wa mtoto anayesubiri hukumu... moyo, amesema Bi Crisanta, nimepata, ni moyo, haya Rutilio, inama, na Rutilio hajainama bado, anatafuta mahali pa kuweka goti, mchanga mwekundu bado uko sakafuni, sala haijaanza, nami nimeshika kofia kifuani kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kuume uko nyuma ya kofia, hauonekani, na ndiyo kwanza nauhisi, sikuutuma, kidole gumba kimelala juu ya kile kinachofuata, kimeshafanya ule msalaba mdogo tunaowawekea watoto kwenye paji la uso wakiwa wanakwenda mbali.