Aliyemlisha Mzee Chirau

Mwaka mmoja baada ya uhuru, serikali ilimtuma Jemima kule Msambweni kuuliza wazee walioacha kazi wanaishi vipi. Alikuwa Mrabai, aliyesomeshwa na wamisionari, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani. Hata hivyo gari la serikali lilitosha kumfanya achukiwe kabla hajashuka.

Mzee Chirau alikuwa ameketi barazani kwake. Mkono wake wa kulia ulibaki na kidole gumba tu. Vingine vilikatwa na mtambo wa kusaga miwa enzi za Mwingereza, na mwenye shamba akamwachisha kazi kabla kidonda hakijakauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema kilichokuleta."

"Serikali inataka kujua nani anakulisha."

"Serikali ilimjua baba yangu, ikamtoza kodi ya kibanda. Mimi ikinijua itanitoza nini?"

"Hii ni serikali yetu, mzee."

"Yako. Mimi sijaiona ikija na kibaba cha unga."

Jemima alikunja uso. Tangu asubuhi alikuwa akifukuzwa kila nyumba. "Nijibu, niende zangu."

"Ananilisha mwanangu Salimu. Ana kazi bandarini Mombasa. Hajanisahau hata siku moja."

Mwanapili, mke wa Salimu, alikuwa uani akisuka makuti ya kuuza. Salimu aliondoka mtoto wao wa mwisho hajaanza kutambaa, na tangu hapo hakuleta hata salamu. Sima aliyokula mzee ilitokana na makuti yale. Mwanapili akaja mpaka barazani.

"Baba, Salimu yupi huyo?"

"Mwanamke, kuna mgeni."

"Ndiyo, na mgeni anaandika. Ataandika kwamba mtoro ndiye anayekulisha. Mimi niwe nani?"

Jemima akamgeukia. "Wewe una kazi gani?"

"Huoni?" Mwanapili akamtupia kuti miguuni.

"Nauliza ajira. Kazi ya mshahara."

"Sina."

"Basi naandika huna kazi."

"Andika! Viganja vimechanika hivi, andika sina kazi!"

Mzee Chirau aliinuka, akamgeukia Mwanapili kwa fedheha. "Toka kwangu! Rudi kwa nduguzo kule Jego."

Jemima angeweza kusema neno la kuwatuliza. Alifunga kitabu chake, akapanda gari.

Mwanapili aliondoka na wanawe jioni ileile. Mwanzoni majirani walimletea mzee chakula, kisha mmoja mmoja wakachoka. Akazoea kulala na njaa, na akazoea kuwajibu waliomuuliza kwamba ameshiba.

Masika yalipokwisha, Jemima alirudi. Watu waliitwa kwa chifu, akawaeleza kwamba serikali inafikiria kuwawekea akiba wafanyakazi, ili wakizeeka wapate cha kuwasaidia.

"Na sisi tuliokwishazeeka?" akauliza Chirau.

"Nyinyi hamumo."

Watu walipiga kelele. Mmoja alimwambia arudi kwao Rabai. Chirau alingoja wanyamaze.

"Uliniuliza nani ananilisha, nikakudanganya. Alikuwa mke wa mwanangu, nami nilimfukuza kwa kuwa alisema kweli. Liandike hilo."

"Kazi yangu nimeshaipeleka Nairobi, mzee. Na hilo lisingebadilisha kitu."

"Kumbe ulikuja kutuvunjia nyumba bure."

"Nyumba uliivunja mwenyewe," alisema Jemima.

Kesho yake Chirau alikwenda Jego. Mwanapili alimwona akiingia, hakumwamkia. Alimwacha amesimama juani kitambo, ndipo akamwagiza bintiye ampe babu yake maji.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu."

"Nimesikia."

"Utarudi nyumbani?"

"Sirudi. Ndugu zangu wakiridhia utakaa hapa, na utakula tunachokula. Lakini usinitajie Salimu."

"Simtaji."

Ndugu zake waliridhia, shingo upande. Chirau alikaa Jego mpaka alipokufa. Mwanapili hakumnyima chakula hata mara moja, wala hakumsamehe, na siku nyingi walikula bila mmoja kumsemesha mwenziwe.