Mti wa Mizinga

Fundi seremala alifika malishoni asubuhi, msumeno begani, akipiga mluzi kama aliyekwisha kukata mbeleko na mwana hajazaliwa. Kila mti aliouona ulikuwa kitanda. Malisho yale yalikuwa nusu yake, nusu ya mjane wa kaka yake, mfugaji ambaye watu walimwita Mama Ndama. Na Mama Ndama alishawahi: ameegemea shina la mti wa kwanza, jembe mapajani.

"Sogea, shemeji, nikate."

"Unikate mimi kwanza. Kiangazi nyasi za kijani zinabaki wapi, kama si chini ya miti? Udongo wa hapa una uhai."

"Udongo ni udongo."

"Haya, chimba. Ukifanana na wa kule kweupe kusiko na miti, kata miti yote, nami nitakusaidia kuvuta magogo."

Fundi akapokea jembe, akachimba huku na kule. Kule kweupe udongo ulikuwa mwekundu, mgumu kama tofali. Chini ya mti ulikuwa mweusi, tifutifu, minyoo ikajipindapinda kwa kuamshwa. Mama Ndama akatabasamu. Mapema mno.

"Hee! Samadi hii," fundi akasema. "Ng'ombe wanakula kule, wanakuja kushusha mzigo hapa kivulini. Mti wako mwizi tu, shemeji."

Mama Ndama akawageukia ng'ombe wake wamtetee. Mmoja akainua mkia, akamuunga mkono fundi palepale.

Hapo ndipo alipoukumbuka mti wa pembeni, wenye mizinga ya nyuki. Tangu dume lao liumwe puani, hakuna ng'ombe aliyethubutu kuusogelea.

"Kachimbe pale. Pale hapana samadi."

"Pale pana nyuki!"

"Basi nakwenda mimi."

"Wewe? Uniletee udongo wa kuchagua? Thubutu!"

Fundi akajifunika koti kichwani, akanyata. Jembe likalia mara mbili. Mara ya tatu halikusikika. Alirudi mbio, koti kaliacha, jembe kaliacha, ngumi kaifumba. Mama Ndama alicheka hadi akashika mbavu, kisha kicheko kikamkauka. Miti yake yote ilikuwa ndani ya ngumi ile.

Fundi akafungua kiganja. Majani yaliyooza, vimizizi kama nyuzi, udongo mweusi. Haukufikia weusi wa ule wa kivulini, lakini na ule mwekundu ni mbingu na ardhi. Akaunusa. Wala haukuwa na harufu ya ng'ombe.

"Majani na mizizi tu," akanung'unika.

"Sema nisikie, shemeji."

"Nimefema!" Mdomo ulikuwa umeshavimba.

Mama Ndama akaenda kule kweupe, akaanza kulifukia lile shimo kwa mguu, ng'ombe asije akavunjika mguu humo.

"Liache," fundi akamwita, huku akichomoa mwiba wa nyuki kidevuni. "Tuotefe mti humo. Vitanda vitafubiri."