Mwali wa Wali Mweupe

Katika Kasongo ya siku zile, siku za misafara na pembe za ndovu, uungwana ulipimwa kwa sahani. Aliyekula sombe, yale majani ya muhogo, mbele ya wageni alihesabiwa mshenzi, hata kanzu yake ingekuwa nyeupe kama maziwa. Aliyekula wali wa mchele uliotwangwa ukatwangwa tena, mpaka pumba zote zikawaendea kuku, huyo aliitwa mwungwana, na hakuna aliyemwuliza mama yake alitoka kijiji gani.

Bi Aziza hakupenda kuulizwa. Mama yake alikuwa Mzimba aliyeingia mjini na kamba shingoni, na maisha yake yote Bi Aziza alikuwa akiifuta kamba ile kwa wali. Kwa hiyo kaka yake Hemedi, mwenye biashara ya pembe, alipomkabidhi bintiye Subira amweke ndani kabla ya kuolewa na mwana wa Bi Hawa, aliipokea kazi hiyo kama mtu aliyekabidhiwa upanga. Bi Hawa alikuwa wa ukoo mkubwa. Ndoa ikitimia, nyumba ya Hemedi itakuwa nyumba ya waungwana. Ikivunjika, wote watarudi kuwa wana wa mateka.

"Mwali haonekani uani," alimwambia Subira. "Asiyeonekana uani haendi chooni mchana. Na asiyetaka kwenda chooni hanywi maji ovyo."

Akampimia maji kwa kata, asubuhi kidogo na jioni kidogo. Akamlisha wali na nyama ya mbuzi iliyokaangwa kwa mawese. Majani, maharagwe na mapapai vilipita mlangoni kwenda kwa watumwa. Binti akakaa juu ya mkeka kutwa nzima bila ya kutembea.

"Shangazi, tumbo limefunga," Subira alisema baada ya siku chache. "Siendi choo kabisa."

"Limezoea majani kama tumbo la mbuzi. Litajifunza adabu."

Maji ya nyumba yaliletwa na Faradji, mtumwa Mbangubangu mwenye maneno mengi. Alikuwa akitua mtungi wake mlangoni na kumtania Mwanvua, mpishi. "Mutungi iko mujaa, dada, lakini bibi-arusi anakunywa sawa kifaranga. Munamuoza kwa jogoo?" Nyuma ya pazia Subira alicheka. Bi Aziza alikisikia kicheko kile, akakiweka moyoni.

Siku ya kumsinga mwali kwa liwa yenye kunukia ilipofika, Bi Aziza alimvua nguo, na mkono wake ukasimama tumboni. Tumbo lilikuwa limetuna, gumu kama kibuyu. Hakungoja hata siku za mwezi za binti zifike. Akafunga mlango, akashika mwiko.

"Ni nani?"

"Nani wa nini, Shangazi?"

"Aliyeingia humu."

"Hakuingia mtu. Ni choo, nilikuambia."

Mwiko ulishuka mgongoni, ukashuka tena, mpaka ukavunjika mpini. Akatuma uletwe mwingine.

"Nani hufika mlango huu?"

"Ni Faradji tu," Subira alilia. "Huleta maji."

Hilo lilimtosha Bi Aziza, akamwendea kaka yake. Kicheko cha nyuma ya pazia kilikuwa kimekwisha kutoa ushahidi.

Msafara wa Hemedi ulikuwa ukifunga mizigo kwenda Ujiji kwa njia ya Kabambare. Faradji akatiwa mnyororo shingoni na pembe begani.

"Bwana, mi nimekosa nini?"

"Ungekuwa hujakosa," Hemedi akamjibu, "mimi nisingekuwa na hasira."

Msafara ukaondoka, Hemedi mwenyewe akabaki Kasongo. Bi Hawa akapelekewa habari kwamba mwali ana homa. Subira akatupwa katika ghala la mpunga, angojee dawa ya mizizi iliyoagizwa Lusangi ya kuitoa mimba.

"Apewe chakula cha watumwa," Bi Aziza aliamuru. "Kaupenda ushenzi, na aule."

Basi Mwanvua akampelekea ugali wa mtama wenye pumba zake, sombe, maharagwe, na mtungi mzima, kwa maana hakuna anayempimia mtumwa maji. Subira akala kwa njaa na akanywa kwa kiu. Akazunguka ghalani kama mbuzi aliyefungiwa, kwa kuwa mkeka hakupewa. Kabla dawa haijafika kutoka Lusangi, Mwanvua alikuja kusimama mbele ya Bi Aziza, mikono kiunoni.

"Bibi, ile mimba imetoka. Iko kwa shimo kule nyuma, kama unataka kuizika."

Bi Aziza alimpiga kofi, kisha akaenda ghalani. Akalibonyeza tumbo la binti. Lilikuwa laini, bapa, kama la mtoto aliyeamka.

Subira alimtazama bila ya machozi. "Msafara hupumzika Kabambare, Shangazi. Mtu akikimbia sasa ataukuta."

Bi Aziza alifikiri. Mkimbiaji lazima aambiwe sababu. Sababu itaingia masikioni mwa wapagazi, na wapagazi wataibeba pamoja na pembe mpaka Ujiji: Hemedi amemfunga mtu mnyororo kwa ajili ya tumbo lililojaa mavi. Faradji alikuwa mtu mmoja. Kicheko kingekuwa cha nchi nzima, nacho kingerithiwa.

"Oga," akasema. "Bi Hawa anakuja Ijumaa."

Hemedi alipouliza, dada yake alimwambia kwamba dawa imefanya kazi na aibu imefunikwa. Aliona heri baba amdhanie bintiye mzinzi, kuliko yeye Aziza kujulikana kuwa alikosea. Tangu siku hiyo Hemedi hakumtazama Subira usoni, hata siku ya kumwoza.

Ijumaa Bi Hawa alikaa kwenye jamvi jipya, akaufunua uso wa mwali, akampapasa mashavu na kiuno kama mnunuzi wa mbuzi.

"Mmemlea vema, Bi Aziza. Ila homa imemkondesha. Kwangu atakaa ndani tena mpaka anone. Atakula wali na nyama tu, wala sitaki kuona majani. Na maji nitampimia mwenyewe. Sipendi mke wa mwanangu awe njiani kwenda chooni kama mjakazi."

Subira akainua macho kwa shangazi yake. Mbele ya mkwe, mwali husemewa na wazee.

Bi Aziza alikuwa na neno. Lilikuwa fupi, la sombe na mtungi wa maji, na mtoto angeweza kulitamka. Mbele ya mwanamke huyu lingenuka.

"Hewala, Bi Hawa," akasema, akaisogeza sahani ya wali karibu na mwali.

Nje, mtumwa mgeni alitua mtungi mlangoni, akaondoka bila ya kumtania mtu.