Mkanda wa Pili

Twiga alipewa jina hilo kwa urefu wake, lakini miezi ya karibuni jina lenyewe lilikuwa kama kejeli, maana ni twiga gani anayetembea amepinda kama mundu? Alibeba mifuko ya wachezaji wa gofu, na kazi hiyo aliipenda kuliko chakula. Nyasi zina umande, mpira unapaa, mchezaji anageuka na kumuuliza, "Mzee, fimbo gani hapa?" Wee! Mtu aache raha hiyo aende wapi?

Ila mgongo ulishasema basi. Jioni hakuweza kuinama hata kufungua kamba za viatu vyake. Mkewe, fundi cherehani, alivuta kigoda kila siku, akakaa mbele yake na kumfungulia. Hakulalamika, alisonya tu.

Siku moja meneja wa klabu alimkuta ameshika kiuno. "Kesho ni mashindano," akamwambia mbele ya wenzake. "Nikikuona tena umejishika hivyo, keshokutwa unahamia getini kufungulia magari." Kazi ya geti ni kazi ya heshima, sikatai, lakini kwa Twiga ilikuwa sawa na kuambiwa akachimbiwe kaburi.

Akarudi nyumbani na mfuko wa Jaji ili ausafishe. Jaji ni mama mmoja mstaafu, na Twiga alikuwa amembebea miaka nenda miaka rudi. Mkewe akamwona anavyoingia: mkanda mmoja, bega moja, mwili wote umelalia upande.

"Mbona bega moja?"

"Ndivyo tunavyobeba sote. Mikanda miwili ni ya watoto wa shule, mama watoto. Mwanamume anabeba begani."

"Na mwanamume huyo anafunguliwa viatu na nani?"

Twiga akautua mfuko taratibu.

"Meneja anataka kunipeleka getini," akasema.

"Mficha uchi hazai. Ungesema mapema." Mkewe akaumimina mfuko sakafuni. Lo! Mwavuli, na mbinguni hakuna hata wingu. Viatu vya akiba. Chupa za maji. Mipira ya kugawia mtaa mzima. "Huu ni mfuko au ghala? Mpigie Jaji umwombe tuvitoe." Twiga akapiga. Jaji alicheka mpaka akakohoa; hata hakukumbuka kama vimo.

Kisha cherehani ikaanza kulia. Mkanda wa pili ulitoka kwenye suruali kuukuu ya jinzi, na ndani yake akajaza sponji ya mto wa kiti chao wenyewe cha wageni.

"Wanao nimewabeba mgongoni huku nashona," alisema, akimvisha, "na mgongo wangu huu hapa. Mtoto humwachi akaning'inia. Unampandisha juu, unamkaza karibu na mwili, mabega yote mawili yanasaidiana. Na ukimwinua, piga magoti kwanza."

Twiga akazunguka sebule. Uzito ulikuwepo, lakini haukumvuta upande. "Watanicheka," akasema.

"Watacheka wee, watachoka."

Na kweli walicheka. Kesho yake mbeba mifuko mwenzake, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alipiga ukelele: "Jamani, Twiga kajifungua! Mtoto wa kike au wa kiume?"

Watu wakaangua kicheko. Uso ulimwaka Twiga, mkono ukaenda kwenye mkanda wa pili ili auteremshe. Meneja alikuwa barazani, macho kodo. Twiga akapiga moyo konde, akaukaza.

"Wa kike," akajibu. "Na amelala. Msimwamshe."

Akatembea uwanja mzima. Kwenye kile kilima cha shimo la mwisho, ambako kila mara alijishika kiuno, mikono yake ilikuwa imejaa fimbo na taulo, na hakukumbuka kabisa kama ana kiuno. Jaji hakushinda, lakini alimtazama akasema, "Mzee, leo umerefuka." Meneja alimwangalia sana, mwisho akaondoka kutafuta makosa ya wengine. Redio akamsogelea, na kwa mara ya kwanza akanong'ona, huku anasugua bega lake: "Eti, shemeji anapokea oda?"

Jioni mkewe alivuta kigoda kama kawaida. Akakuta viatu vimeshavuliwa na vimepangwa ukutani. Akabaki amesimama na kigoda chake mkononi.

"Haya, mimi nimeachishwa kazi," akasema.

"Kaa wewe."

Akakaa. Twiga akapiga magoti kwanza, kama alivyofundishwa, akaanza kumvua ndara zake. Mkewe alitaka kusonya, msonyo ukagoma kutoka. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukanyaga cherehani, na miaka yote hiyo Twiga hakuwahi kuitazama.