Masikio Yametoka Vizuri

Mwenye studio aliitwa Tuli, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja kabla ya kubonyeza: "Tuli. Tuli hapo hapo." Wateja walicheka, na kile kicheko kikishapita, nyuso zao zilibaki zimelegea kama alivyotaka. Mpwa wake aliitwa Pikseli. Jina hilo, la vile vidoti vinavyounda picha ya kidijitali, alibandikwa na binamu yake, binti wa Tuli, aliyekaa mbele kwenye kompyuta akipokea wateja na kuchapa picha.

"Huyu," alisema binti, "ukimwonyesha picha ya mama yake, kwanza anahesabu pikseli, ndipo anamsalimia."

Pikseli hakuchukia. Alijua kazi na alijua kwamba anaijua. Alichokosa, kwa maoni yake, ni kamera inayomfaa, na kamera hiyo sasa ilikuwa juu ya meza. Duka la vifaa lilikuwa limewaachia kwa siku chache waijaribu. Ilikuwa nyepesi, haikuwa na kile kioo cha ndani kinachoruka kila unapopiga, na ilitafuta jicho la mtu yenyewe, ikaling'ang'ania hata mtu akitembea. Ya Tuli ilikuwa nzito kama tofali. Mpira wa mshikio wake ulikuwa umebanduka ukagandishwa tena kwa gundi, na ukiibonyeza ililia kama mlango wa kabati.

Tuli aliigeuzageuza ile mpya mkononi. "Bei ya hii ni paa zima la studio. Tena mabati mazito, sio haya yanayotuvujia. Sasa niambie, mjomba, mteja akiingia hapa atatazama nini?"

"Atatazama picha, mjomba."

Waliitana mjomba wote wawili, mkubwa na mdogo, na mgeni asiyewajua asingeweza kusema nani kamlea nani.

"Basi tutazame picha," alisema Tuli. "Mimi napiga na yangu, wewe unapiga na hii. Mtu yule yule, mwanga ule ule, umbali ule ule. Huyu binti azichape bila kuziwekea alama, mimi nichague bila kujua ipi ni ya nani. Ikishinda mpya, nanunua. Zikitoshana, paa."

Zikitoshana, paa. Maneno hayo yalimkaa Pikseli kifuani. Alikuwa ameshasoma vipimo vya kamera zote mbili mpaka akavikariri. Gizani ile mpya ingeshinda bila ubishi. Lakini dirishani, kwa mwanga mzuri na ile lenzi ya nyuso ambayo Tuli aliitunza kama yai, hakuna binadamu ambaye angezitofautisha. Na studio ile iliishi kwa picha za dirishani.

Kesho yake mchana Tuli alitoka kwenda kula, binti akiwa na mteja. Pikseli aliiwasha kamera ya mjomba wake, akaingia kwenye menyu, akashuka hadi chini kabisa, mahali ambapo Tuli hakuwahi kufika. Kule kuna kipengele cha mafundi: namba inayosogeza fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, mbele kidogo au nyuma kidogo, iwapo lenzi na kamera hazielewani. Ilikuwa sifuri. Aliisogeza nyuma. Alijiambia ni kidogo tu. Alijiambia pia kwamba ile mpya ni bora kwa vyovyote vile, kwa hiyo hakuwa anadanganya. Alikuwa anauharakisha ukweli.

Walipiga Jumamosi. Kwanza dirishani, binti akiwa ameketi kwenye kiti kirefu.

"Nikitoka mbaya nawashitaki wote wawili," alisema.

"Kamera haiongezi kitu, binamu. Inachukua kilichopo."

"Ndiyo maana wewe hupigwi."

Kisha wakatundika gauni jeupe kando ya suti nyeusi, wakazipiga kwa mbali kuona kamera ipi itatunza mishono ya nguo zote mbili kwa pamoja. Mwisho wakafunga madirisha na kuacha taa moja ya kona, kama ukumbi wa sherehe wenye taa hafifu. Binti alichapa, akachanganya, akazipanga mezani mbili mbili.

Tuli alianza na za gizani. Hakukawia. "Hii ina chenga kama televisheni mbovu. Hii ni safi. Hii safi ni mpya, sina ugomvi nayo." Za gauni na suti alizitazama, akazibadilisha mahali, akazitazama tena. "Sawa kwa sawa." Kisha akafika kwenye nyuso za binti yake.

Alifungua droo, akatoa kioo cha kukuzia, akainama.

"Hii, masikio yametoka vizuri," alisema taratibu. "Hereni naiona mpaka mkwaruzo wake. Nywele za kando nazihesabu. Macho hayakutoka. Ni ya nani?"

Binti aliigeuza. "Yako, baba."

Pikseli alikuwa ameshaandaa maneno ya kumfariji: kamera imechoka, kila chombo kina umri wake, si kosa la mtu. Aliyaandaa tangu jana yake. Lakini Tuli hakumpa nafasi ya kuyasema.

"Kamera hii naijua," alisema. "Haikosei hivi. Nimekosea mimi."

"Hapana mjomba, mashine—"

"Nimekosea mimi, mjomba. Ile mpya tutainunua. Umeshinda."

Pikseli alikusudia kuirudisha ile namba jioni hiyo hiyo. Lakini Tuli aliitia kamera mkobani akaondoka nayo, na siku zilizofuata Pikseli akaingiwa na hesabu nyingine: picha zikirudi kuwa kali kabla duka halijalipwa, mzee si atabadili mawazo? Akaiacha. Wiki ile akaja mama na mtoto mchanga. Tuli aliwapiga picha kwa upendo, akawachekesha, na binti alipozifungua picha kwenye kompyuta, sikio la mama lilikuwa na kila unywele wake na macho yake yalikuwa na ukungu. Tuli alisimama nyuma ya kiti cha binti yake, akazitazama mpaka ya mwisho. Akatoka nje mwenyewe kumwomba mama yule arudi akae tena, apigwe na kijana.

Alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari alimwambia miwani yake inatosha, macho ni ya umri wake, hayana neno.

"Basi ni mkono," alisema Tuli aliporudi. Kuanzia hapo Pikseli akawa anamkuta dirishani, ameshika glasi ya maji kwa mkono ulionyooka, anatazama kama maji yanatikisika. Maji hayakutikisika. Tuli aliiweka glasi, akapumzika, akaishika tena.

"Umepata unachotaka," binti alimwambia Pikseli, "mbona umenuna kama uliyeshindwa?"

"Sijanuna."

"Umenuna hadi printa imegoma."

Yangeweza kuishia hapo, jambo baya la kukaa nalo kimyakimya, kama fundi cherehani wa mtaa wa nyuma asingeingia. Huyo alikuwa rafiki wa Tuli tangu ujana. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na picha zote za maisha ya yule binti, toka hajaota meno, zilipigwa na mkono mmoja. Fundi alikuja kukumbusha tarehe. Tuli alimkaribisha kiti.

"Nataka nikwambie mapema, rafiki yangu. Harusi atapiga huyu mpwa wangu."

Fundi alicheka akidhani ni utani. "Na wewe utafanya nini, utacheza?"

"Mimi nitakuja kula."

"Tuli. Mtoto hamtaki mwingine. Amesema akikuona wewe ndipo atajua harusi ni yake kweli."

"Huyu ana macho," alisema Tuli, akamshika Pikseli begani. "Mimi nitamharibia."

Alisema akitabasamu, na mkono wake begani ulikuwa mtulivu kabisa, na Pikseli alitamani ardhi impokee.

Hata hivyo hakusema. Alitafuta kwanza mlango wa nyuma. Fundi alipoondoka, aliichukua kamera ya zamani akisingizia kuifuta vumbi, akairudisha namba kwenye sifuri, akaenda kwa mjomba wake na uso mkavu. "Hebu nipige mara moja, mjomba. Labda siku ile mwanga ulikuwa mbaya."

Tuli hakutaka. Pikseli alibembeleza mpaka akakubali, kwa namna ya mtu anayemridhisha mtoto. Alipiga mara chache, bila kusema lile neno lake. Pikseli alizikimbiza kwenye kompyuta, akazifungua kubwa. Macho yalikuwa makali, kope moja moja, hata dirisha likionekana dogo ndani ya mboni.

"Unaona? Unaona sasa?"

Tuli alizitazama kwa muda. Kisha alimtazama mpwa wake kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomkata maini.

"Umezisafisha," alisema. "Hizo programu zenu zinaweza kunoa chochote. Ahsante, mjomba. Lakini usinifanye mtoto."

"Sijagusa kitu."

"Najua unanipenda. Acha."

Hapo Pikseli aliona alichofanya kwa ukubwa wake. Hakuwa ameharibu picha. Mtu huyu angeweza kupiga picha nzuri kuanzia leo hadi kufa kwake, na kila moja angedhani ni sadaka ya mtu aliyemwonea huruma. Ukweli ulikuwa mezani, mbele ya macho yake mazima, na hakuuamini.

"Ni mimi," alisema Pikseli. "Mjomba, ni mimi. Niliingia kwenye menyu nikasogeza fokasi. Kabla ya lile shindano. Nilitaka yako ishindwe."

Binti aliacha kuchapa. Sauti ya printa pekee ndiyo iliyobaki, na nayo ikamaliza karatasi yake ikanyamaza.

"Hata yule mama mwenye mtoto?" aliuliza Tuli.

"Hata yeye."

"Nilipokwenda kwa daktari?"

"Nilijua."

Tuli hakupandisha sauti. Alivuta kamera yake, akaiweka mbele ya Pikseli. "Nionyeshe."

Pikseli alifungua menyu, akashuka hadi chini. Akaionyesha ile namba kwa kidole.

"Iweke kama ulivyoiweka." Akaiweka. "Nenda kakae pale."

Alikaa kwenye kiti kirefu, mwanga wa dirisha ukimpiga ubavuni. Tuli alimpiga picha. Akamwagiza binti airudishe namba sifuri, akampiga tena, pale pale alipo. Kisha akazitazama picha zote mbili, kwa kile kioo chake cha kukuzia kilichobanwa kwenye skrini, na Pikseli akaachwa kitini bila kuambiwa ainuke. Katika ile ya kwanza masikio yake yalitoka vizuri sana. Katika ile ya pili yalitoka macho, na yalikuwa macho ya mtu mwenye hatia, makali kabisa, hayana mahali pa kujificha.

"Ni kweli," alisema Tuli hatimaye. Akavuta pumzi ndefu, akaketi.

"Ile mpya inunuliwe," alisema baadaye. "Gizani imeshinda kwa haki yake, na harusi zina giza. Atapiga nayo huyu binti."

"Mimi?" alisema binti.

"Wewe. Na huyu atabeba mikoba na taa, mpaka nitakaposema."

"Sawa, mjomba," alisema Pikseli. Alingoja aitwe mjomba naye. Hakuitwa.

Harusini alibeba. Alishika taa juu ya kichwa mpaka bega likafa ganzi, na hakulalamika, maana uchungu wa bega ulikuwa nafuu. Fundi cherehani alikuwa anang'aa. Bi harusi alipomwona Tuli na kamera yake ya gundi alicheka kwa sauti, akasimama mlangoni kwenye mwanga, akamgeuzia uso.

"Tuli hapo hapo," alisema Tuli, akabonyeza.

Kisha akafanya jambo ambalo Pikseli hakuwahi kumwona akilifanya. Alishusha kamera, akaikaribia skrini, akaikuza ile picha mpaka yakabaki macho peke yake, akayakagua, la kushoto, kisha la kulia. Bi harusi alingoja. Tabasamu lake likaanza kupoa. Tuli alipiga nyingine, akashusha, akaikuza tena.

"Zimetoka, mjomba," alisema Pikseli kwa sauti ya chini, akiwa nyuma yake na taa.

"Ngoja nione," alisema Tuli.